Kiti cha Mama wa Sifuri

Nchi yetu ipo, ila msiniulize inaitwaje. Kulitaja jina lake kunataka kibali, na kibali chenyewe kinachukua miezi minne, tena hapo mtia sahihi awe hajasafiri. Mimi ni mtumishi mwaminifu, kwa hiyo nitasema "nchi yetu" na mtanielewa. Naitwa Mwalimu Kitwana. Nilifundisha hesabu miaka ishirini na sita, kisha nikapandishwa cheo kuwa kiongozi wa meza katika Baraza la Mitihani. Kiongozi wa meza hukaa na wasahihishaji wanane, hupitia kazi zao na kuweka sahihi ya mwisho. Sahihi yangu ni nzuri sana. Watu wengi wamelia kwa sababu yake.

Mwaka ule tukapewa msaada wa mashine. Mama mjamzito anatolewa damu kidogo mkononi, damu inaingizwa kwenye mashine, na mashine inasoma vinasaba vya mtoto aliye tumboni: kama vimekaa sawa, kama kuna kilichozidi au kilichopungua. Waliotupa mashine walisisitiza kwamba kila kipimo kiende na mshauri, yaani mtu wa kukaa na mama, kumweleza maana ya matokeo na kumsikiliza. Wizara ya Afya ikaomba washauri mia mbili. Ikajibiwa kwamba nchi haina fungu la kusikiliza watu.

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa Waziri Makorongo alipanda jukwaani, akafuta jasho, akasema:

"Ndugu wananchi! Katika nchi hii kuna chombo kimoja tu chenye uzoefu wa kumpima binadamu, kumpanga daraja, na kumtangaza mbele ya majirani zake. Chombo hicho ni Baraza la Mitihani. Kuanzia leo nimewakabidhi matumbo!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga hadi viganja vikawaka moto.

Daktari Nsajigwa, mama mmoja mfupi wa hospitali kuu, akanyanyuka bila kuitwa.

"Mheshimiwa, huu si mtihani," alisema. "Hii ni taarifa ya mama mwenyewe. Mmoja ataitaka ili ajiandae, mwingine hataki kujua kabisa, na ana haki yake. Halafu kipimo hiki kinakisia. Kinaweza kusema kuna tatizo, na lisiwepo."

"Daktari, hata mtihani wa darasa la saba unakisia," alijibu Waziri. "Kazi ya serikali ni kuthibitisha."

Akaongeza kwamba kipimo ni hiari kabisa, na mama yeyote asiyejitolea kwa hiari yake ataitwa kwa mtendaji wa kata akaelezwe maana ya hiari.

*

Kazi ilikuwa rahisi. Daktari anaandika maelezo yake marefu nyuma ya karatasi, kwa kalamu nyekundu. Sisi tunayasoma na kuyapunguza mpaka libaki daraja, na daraja tunaliandika mbele: la Kwanza, la Pili, la Tatu, la Nne, au Sifuri. Karatasi tunaifungia kabatini. Jina la mama na daraja lake vinabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata. Maelezo ya nyuma hayabandikwi, maana ubao una upande mmoja.

Jamani, nchi ilichangamka! Vituo vya masomo ya ziada ya tumboni vikafunguliwa kila mtaa, na walimu wenzangu waliostaafu wakawa wanayasomea matumbo jedwali la kuzidisha kwa kipaza sauti. Mama aliyeongoza kitaifa alihojiwa redioni kwa niaba ya mwanawe, mimba ya miezi minne. Akasema siri ya mafanikio ni kumtanguliza Mungu, kuwasikiliza walimu na kujiepusha na makundi mabaya. Mtoto angependa kuwa rubani. Udanganyifu nao ulikuwepo, sikatai. Mzee mmoja wa wilaya ya kaskazini alimhurumia mkewe anayeogopa sindano, akatoa damu yake mwenyewe. Akapata Daraja la Tatu, na mpaka leo anahudhuria kliniki kwa sababu jina lake limo daftarini.

Mtoto akifaulu, watu walisema kamfuata baba. Akifeli, waliulizia ukoo wa mama.

Wenye Sifuri walipangiwa kujifungulia hospitali kuu, kwenye madaktari, oksijeni na kila kitu, kwa sababu ilionekana aibu ni vizuri ikusanywe mahali pamoja. Wenye Daraja la Kwanza walipewa heshima ya kujifungulia zahanati ya kata yao, wapigiwe tarumbeta. Zahanati ya kwetu ilikuwa na muuguzi mmoja, kitanda kimoja, na bendi ya watu tisa.

*

Binti yangu Mwanahawa ni mtoto wangu wa pekee. Mama yake alifariki zamani, nikamlea mwenyewe, na alipoolewa na Shomari tukaendelea kukaa nyumba moja. Mimba yake ya kwanza ilimkuta mwaka huo huo wa mashine. Alikwenda kupima pamoja na jirani yetu Sikudhani, fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye naye alikuwa mjamzito. Walikaa benchi moja wakapewa namba zinazofuatana: Mwanahawa 417, Sikudhani 418. Walirudi wanacheka, wote wameshikilia pamba mikononi.

"Baba, namba yangu usiisahau," Mwanahawa aliniambia. "Uniangalizie mapema, nisije nikaaibika ubaoni."

Karatasi namba 417 ilinifikia mezani Jumatano, saa nne asubuhi, chai na maandazi vikiwa vimeletwa. Nyuma Daktari Nsajigwa alikuwa ameandika hivi: "Mtoto anaelekea kuwa na kromosomu moja ya ziada. Ataishi, atacheka, atapenda watu na kupendwa, ila atajifunza polepole. Wengi wa watoto hawa huzaliwa na tundu kwenye moyo. Mama ajifungulie hospitali kuu, moyo uangaliwe mapema. Tundu likijulikana mapema linazibika. Mama apewe pole na hongera, vyote viwili."

Nilisoma mara tatu. Kwa kanuni zetu hiyo ilikuwa Sifuri. Kanuni zenyewe nilisaidia kuzitunga.

Karatasi namba 418 ilikuwa chini yake. Nyuma kulikuwa na maneno mawili tu: "Hakuna tatizo."

Sasa nitasema nilichokifanya, tena bila kukizungusha. Niliwaza ubao. Niliwaza wasahihishaji wangu wanane, waliozoea kuniita Mkuu, wakilisoma jina la binti yangu na kukonyezana. Moyo wa mjukuu wangu sikuuwaza. Nimejaribu sana kukumbuka kama niliuwaza hata kidogo, na sikuuwaza. Nikachukua kifutio, nikazifuta namba zote mbili, zilizokuwa zimeandikwa kwa penseli, nikaandika kila moja mahali pa mwenzake. Nikaweka sahihi. Kisha nikala andazi, na lilikuwa bado la moto.

*

Majina yalibandikwa Ijumaa. Mwanahawa alikuwa Daraja la Kwanza, na Shomari akachinja mbuzi. Kwenye nyumba ya pili, Bakiri, mumewe Sikudhani, alitoka kusoma ubao akarudi moja kwa moja chumbani. Akabeba redio na godoro, akaenda kwa mama yake. Wateja wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, eti mikosi huambukiza kwa sindano. Kilio cha cherehani yake, nilichokizoea kila asubuhi nikinywa chai, kikanyamaza.

Jumatatu Sikudhani akaja ofisini. Mama wa Sifuri walikuwa hawafiki kwetu, na wakifika walisimama mlangoni wakilia mpaka mlinzi awaondoe. Yeye hakulia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Nilinyanyuka nikamvutia kiti changu mwenyewe, chenye mto. Wasahihishaji wakainua vichwa kunitazama. Nilijiona muungwana kwelikweli.

"Nimekuja kuiona karatasi," alisema. "Ubaoni mmeandika Sifuri tu. Sifuri ya nini? Mimi nikimshonea mtu suruali ikambana, nitamwambia imembana wapi."

Hakuna mama aliyewahi kuomba kusoma nyuma. Kanuni haikukataza, kwa sababu sisi tulioitunga hatukudhani kama kuna atakayetaka. Nikafungua kabati nikampa. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, na alipofika mwisho akarudia.

"Hii hongera mbona hamkuibandika?"

Nikamwambia ubao ni mdogo.

Akayanakili maneno yote kwenye daftari lake la vipimo, lile la viuno na mabega ya watu. Akanishukuru. Ndiyo, alinishukuru, akashika njia ya hospitali kuu.

*

Huko alijifunza kila kitu: namna ya kumnyonyesha mtoto anayechoka upesi, midomo ikigeuka rangi maana yake nini, mtoto wa namna hii akikua anafundishwaje. Wanawake wengine wa Sifuri wakaanza kukusanyika kwake jioni, anawasomea daftari. Miezi ikaenda. Daktari Nsajigwa akautazama moyo wa mtoto wake kwa mashine ya picha, akaukuta mzima. Akampima damu upya, humo pia hakuona kasoro. Mwingine angeshangilia akaishia hapo. Yeye akaandika barua kwa Baraza: "Karatasi hii si ya mama huyu. Ni ya nani? Yuko mtoto ambaye moyo wake lazima uangaliwe, na mama yake hana habari. Nijibuni haraka."

Barua ililetwa kwangu, mimi nikiwa ndiye kiongozi wa meza husika. Nilijibu siku hiyo hiyo kwa Kiswahili fasaha: matokeo yakishatangazwa ni ya mwisho, muda wa rufaa ni siku saba, Baraza linakutakia kazi njema. Aliandika tena mara mbili, nami nikajibu tena mara mbili.

Msinione mnyama. Nilijaribu. Siku moja tukila chakula cha mchana nilisema, "Mwanangu, kwa nini usijifungulie hospitali kuu? Kule kuna madaktari."

Mwanahawa akaweka kijiko chini. "Baba! Hospitali kuu si ya Sifuri ile? Unataka watu waseme nini?"

"Mzee anatania," alisema Shomari akicheka.

Nikacheka na mimi. Nikasema natania.

Sikudhani ndiye aliyetangulia kujifungua, mtoto wa kike, mzima wa afya. Habari zikamfikia Bakiri, naye akatokea na kuku wawili na redio yake, akasimama uani anakohoakohoa. Sikudhani hakutoka ndani. Alimtuma shangazi yake: "Mwambie amefeli. Na muda wa rufaa umepita." Mtaa mzima ulicheka, na mimi nilicheka nikiwa nimejishika ukuta.

*

Mwanahawa alijifungua mtoto wa kiume Jumamosi mchana, tarumbeta zikilia dirishani. Muuguzi alikuwa na kazi ya kuwapanga watu wa kupiga picha. Mtoto alikuwa na macho yaliyopanda kidogo pembeni na mstari mmoja kiganjani. Watu wakasema kafanana na babu. Nilimpokea mikononi nikajua. Nikasema, "Mashallah," nikamrudisha kwa mama yake.

Siku ya tatu, tukiwa nyumbani, mtoto alikuwa ananyonya kidogo, anachoka, analala. Sikudhani akaja kutoa hongera, bintiye mgongoni, mkononi kashika kijikanzu alichokishona mwenyewe. Akakaa kitandani akimtazama mtoto akinyonya. Polepole tabasamu likamtoweka usoni.

"Mwanahawa, hebu mwinue kidogo. Midomo yake imekuwa hivi tangu lini?"

"Ni baridi," nilisema mimi.

Ilikuwa saa saba mchana na jua lilikuwa linachoma bati. Sikudhani akanigeukia. Alitoa lile daftari la vipimo kwenye mkoba, akalifungua, akamwekea Mwanahawa mapajani.

"Soma hapa. Halafu tuondoke."

Gari lililokuwa karibu lilikuwa la bendi, na tulikwenda nalo hospitali kuu, ngoma kubwa ikigonga nyuma kila tukipita shimo.

"Daraja?" aliuliza karani wa mapokezi.

"La Kwanza," alisema Mwanahawa.

"Daraja la Kwanza haliumwi, mama. Rudini katani kwenu."

"Huoni mtoto hapumui vizuri?" Shomari alipiga kelele.

"Namwona. Ila kwenye daftari anapumua."

Daktari Nsajigwa alisikia kelele akatoka. Alimnyakua mtoto, akamwekea oksijeni bila kumwomba mtu ruhusa, akamsikiliza kifuani muda mrefu. Alipoinua uso macho yalikuwa yamemlowa.

"Ni huyu," alisema. "Nimemtafuta huyu miezi yote. Daktari wa kupasua moyo yuko hapa mpaka kesho asubuhi tu. Lakini chumba cha upasuaji hawanifungulii bila karatasi ya mtoto mwenyewe, na karatasi yake ina namba ya mtu mwingine. Anatakiwa mtu wa Baraza athibitishe kuwa kulitokea kosa."

Watu wakatazamana. Mimi, mwenye miaka sitini na moja, nikanyoosha kidole kama mtoto wa darasa la pili anayeomba kwenda chooni.

"Si kosa," nilisema. "Nilizibadilisha mimi, kwa mkono wangu."

Mwanahawa alikuwa bado ameshika kile kijikanzu.

"Baba, nyuma ulisoma?"

"Nilisoma."

"Pa moyo ulisoma?"

"Nilisoma, mwanangu."

"Na tukawa tunakula wote kila siku," alisema.

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Karani akanisogezea fomu niweke sahihi, na ile sahihi yangu nzuri ikatoka imepinda, hata karani akauliza kama kweli ni yangu.

*

Mjukuu wangu alitoka salama. Nawaambia mapema ili msikae roho juu. Mimi ndiye niliyestahili kukaa roho juu, nanyi hamna kosa. Anaitwa Faraji. Ameanza kutembea mwezi uliopita, na kila anayepita uani anamkumbatia miguu, awe mgeni, awe mtendaji wa kata. Niliandika barua Barazani kukiri kosa langu. Nilijibiwa kwamba kukiri kwangu kumechelewa, matokeo ni ya mwisho, na Faraji anaendelea kuwa Daraja la Kwanza. Mheshimiwa Waziri alinipa cheti cha uadilifu. Nimekificha chini ya kitanda, naona haya hata kukitazama.

Ila nilitaka kuwaambia habari za mle koridoni, mtoto akiwa ndani na sisi tukingoja nje. Kulikuwa na viti vitatu vya plastiki. Mwanahawa alikaa cha huku, Sikudhani cha kule, akimnyonyesha bintiye. Shomari alikuwa amesimama mlangoni na mgongo wake ameuelekeza kwangu. Nikamsogelea Sikudhani nikainama.

"Mwanangu, niwie radhi. Nilikuharibia nyumba na jina lako."

"Nilijua tangu siku ile ofisini," alisema. Hakuinua macho.

"Ulijuaje? Hakuna aliyejua."

"Ulinipa kiti, Mwalimu. Hakuna mama wa Sifuri aliyewahi kupewa kiti kwenu. Nikasema moyoni, huyu mzee kuna kitu kanifanyia. Sikukijua ni kitu gani. Nikakushukuru, nikawa nangoja useme."

Nikainua mgongo. Nilitaka kukaa. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu, katikati yao. Mwanahawa aliniona nakitazama. Akainama, akaokota sakafuni mfuko wa nguo za mtoto, akauweka juu ya kiti hicho.